Nilipopaza Sauti Peke Yangu

Ndugu wa mitambo, punguza maiki kidogo. Leo sikuja kupiga kelele.

Haya. Wapendwa, wengi mnanifahamu. Mimi ni yule fundi wa kunoa misumeno niliyekuwa nakaa benchi la nne, kabla sijatoka hapa Makambako kwenda Njombe. Mke wangu mlimzika ninyi. Mlikuja wengi, mlipika, mlilala na mimi msibani, Mungu awabariki. Turubai likashushwa, kila mtu akarudi kwake, na ndivyo inavyokuwa. Mwezi uliofuata nikapata kazi kwenye kiwanda cha mbao Njombe, nikaona afadhali niikimbie ile nyumba.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, nyumba niliikimbia, upweke nikaubeba. Kiwandani mashine zinanguruma kutwa, tunaongea kwa mikono. Jioni narudi kwenye chumba changu kimoja, nasonga ugali wa watu wawili, maana mkono umezoea. Nakula nusu, nusu nyingine nakula asubuhi. Msicheke, au chekeni tu: kuna jioni nilipiga simu huduma kwa wateja, sina shida yoyote, nikauliza namna ya kubadilisha namba ya siri. Dada yule akanielekeza vizuri, akamaliza, "Asante, mteja wetu mpendwa." Nikabaki na simu sikioni mpaka ikakatika yenyewe.

Jumapili nilikuwa napanda gari kuja hapa. Mchungaji akisema tuombe, nalia, napiga magoti, namweleza Mungu yote. Na ninyi mnalia. Ibada ikiisha, "Bwana asifiwe, mzima?" "Mzima." Nawahi gari la kurudi. Nikaanza kukosa Jumapili moja, kisha mbili, kisha mwezi. Simu haikulia. Sisemi kwa kulaumu, mtanisikia mbele.

Sasa Jumapili moja ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka madirishani, na mkaa umeniishia. Nikasikia matarumbeta ya Walutheri wa mtaani kwetu. Nikaenda. Siwadanganyi kwamba Roho alinituma, nilifuata joto la watu! Na tulivyokuwa tunawaita waliopoa, mnakumbuka? Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo, hapa hapa mbele.

Nikakaa nyuma. Wanasimama, mimi nimekaa. Wanakaa, mimi ndio nasimama. Wanaimba polepole, vitabu mkononi, hakuna anayeruka. Waliokaa karibu nami wananong'ona Kibena, na mimi mtu wa ziwani Ludewa sielewi kitu. Walipoomba wageni wasimame wajitambulishe, nikainama kana kwamba nafunga kamba za viatu. Sikutaka kuulizwa nimekuja na nani.

Kisha mchungaji wao akasema, "Kila mmoja wetu apeleke haja zake mbele za Bwana." Wapendwa, kwetu mtu akisema hivyo kinafuata nini? Eeh, mnajua wenyewe! Nikafumba macho, nikainua mikono, nikaachia: "Baba, nimechoka! Nimechoka kula peke yangu! Tangu mke wangu aondoke hakuna aliyeniuliza nimekula nini! Baba, napiga simu huduma kwa wateja ili niitwe mpendwa! Nitumie mtu, Baba, mtu yeyote!"

Nikatulia nivute pumzi. Hapa kwetu ukivuta pumzi, sauti za wenzako zinakufunika. Kule, kimya. Kimya kabisa! Kumbe wenzetu wanaomba moyoni. Nikafumbua jicho moja. Kanisa zima limeinamisha vichwa, na kanisa zima limenisikia. Mama yangu wee, aibu ile! Nilitoka jasho kwenye baridi ya Njombe.

Mchungaji hakukemea wala hakucheka. Alisema amina, ibada ikaendelea. Mimi nikapanga kwamba wakitoka tu, natokomea. Lakini wale hawatoki ovyo. Wanatoka wakiimba, wanapanga mstari nje, na kila anayetoka anawapa mkono wote waliotangulia, kisha naye anasimama mwishoni apewe mkono na wanaofuata. Hakuna pa kupenya. Nikapita nikitoa mkono huku nimetazama chini.

Mama mmoja, blanketi mabegani, akaushika mkono wangu asiuachie, akanisalimu kwa Kibena chao.

"Kamwene, baba. Jana umekula nini?"

"Ugali na maharage, mama."

"Maharage ya lini?"

"Ya juzi."

"Na leo?"

Nikajaribu kuuvuta mkono, akaukaza.

"Basi usiondoke, nimalize salamu. Nyumbani nina viazi vingi na mzee asiyeongea. Utaongea kwa niaba yake, sauti unayo."

Mstari mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, wapendwa, nikashtuka kujisikia nacheka. Kwa yule mama nilikula viazi mpaka machozi yakanitoka, mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu. Yule mzee alinisogezea chumvi.

Haikuishia siku ile. Jumatano jumuiya yao ya sala ya mtaani ikaja kwangu, wakakaa kitandani maana viti sina. Siku hizi nisipoonekana, jioni mtu anagonga mlango. Mnataka kuniuliza kama nimehama? Hata mimi najiuliza. Mchungaji, asante kwa kunipa nafasi ukijua nitasema haya. Asanteni mlionisaidia kumzika mke wangu. Na namshukuru yule mama na mzee wake, majina nayaacha.

Lakini kuna jambo linaniuma. Miaka sita kwenye lile benchi nilikaa na ndugu mmoja kuliani kwangu. Tukiomba, alilia kuliko mimi, bega lake likitetemeka kwenye bega langu. Mpaka leo sijui alikuwa analilia nini. Mimi nilikuwa naongeza sauti yangu tu. Tupaze sauti, ni desturi yetu na ninaipenda. Ila tukishasema amina, tuulizane.

Ndugu huyo nimemwona leo, amekaa palepale. Simtaji. Ndugu yangu, ibada ikiisha usiwahi kuondoka. Nisubiri mlangoni, uniambie ulikuwa unaomba nini.