Gia Zilizogonga Asubuhi

Wasikilizaji wapendwa, haya ni kweli tupu. Likipatikana neno moja la uongo, mimi Stanley namtoa beberu wangu, yule anayenishinda ndevu, aende kwa mjane. Na mjane mwenyewe, mama Ruthu, yupo nami hapa studio.

Tunamkumbuka mume wake, rafiki yangu fundi Bartolomayo wa Miyuji, aliyetutoka Jumanne. Fundi wa magari. Fundi aliyesingiziwa.

Mwaka tisini na nne biashara imefunguliwa, magari ya mtumba yanatoka Japani na gia otomatiki. Sisi tukajitafsiria: otomatiki, yaani inajitegemea. Bartolomayo akacheka. "Hata anayejitegemea anakula," akasema. "Hii inakula oili yake, nyekundu. Siyo ya injini."

Bwana Elisante, afisa wa serikali, alimwachia gari lake atengeneze breki. Likarudi mtaani kwake Kikuyu na breki safi. Kesho yake asubuhi, likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, linagonga kama teke la punda. Mchana, laini.

"Gari likija mchana ni mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa," Bartolomayo alimwambia. "Liache lilale hapa. Nitaliamkia na ubaridi wake."

Ilikuwa Julai. Baridi ile, wasikilizaji, ukitoa shikamoo alfajiri, marahaba inayeyuka saa nne! Bartolomayo akawasha gari. Likagonga. Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, akakifuta kwa kitambaa cheupe. Wekundu umekufa. Oili nyeusi, nzito kama mlenda uliolala. Ikipata moto inalainika. Ikipoa, gia zinakwama, kisha zinaruka.

"Mzee, humu mtu katia oili ya injini."

"Mtu gani?" Elisante akamjia juu. "Gari limeshikwa na wewe tu! Fundi wa baiskeli wewe!"

Habari ikaenea Kikuyu nzima: Bartolomayo kaua gia boksi. Wateja wakakauka. Fundi aliyejua kusikiliza gari likiwa baridi akaishia kuziba pancha za baiskeli, miaka minane, mpaka umauti. Alimwuliza kila rafiki: "Ni wewe?" Kila rafiki akaapa.

Kumbe kazi ya breki ilipokwisha, gari likiwa bado gereji, fundi alikwenda Chemba msibani siku mbili. Mpitanjia mmoja, mwenye nia njema kabisa, akachukua ufunguo wa gari uliofichwa ndani ya kinu, akafungua, akaona oili ya gia imepungua kidogo, akamimina...

"Ndani ya kinu?" Mama Ruthu kanikatiza, wasikilizaji.

"Ndiyo, mama."

"Mpitanjia alijuaje kinu? Bartolomayo alimwonyesha mtu mmoja tu. Wewe, shemeji."



"Na yeye alijua?" nikauliza.

"Alijua toka siku ile ulipoapa. Alisema, 'Stanley hawezi kuficha kitu, atajisema mwenyewe.' Akangoja. Kila ukija kunywa chai, anangoja. Ukamwachia angoje mpaka kaburini."

Basi, wasikilizaji wapendwa, hakukuwa na mpitanjia. Oili niliitia mimi. Nilipoulizwa, niliapa.

Poleni mama Ruthu, watoto na ukoo mzima. Nawe unayesikiliza, kama kuna mtu anangoja neno lako, nenda leo, angali anapika chai.

"Beberu yuko wapi?" mama Ruthu anauliza.

Yuko getini, mama. Nilikuja naye.