Kaburi la Kushoto

SEULGI: Haloo? Baba Mkubwa? Haloo?

DEOKSU: Haloo, nani huyo? Sema kwa nguvu, masikio yamejaa mashine.

SEULGI: Ni mimi, Seulgi. Mtoto wa mdogo wako.

DEOKSU: Seulgi yupi?

SEULGI: Kwani unao wangapi?

DEOKSU: Mmoja. Lakini huyo hupiga Mwaka Mpya tu.

SEULGI: Haya, nimekosa. Shikamoo.

DEOKSU: Marahaba. Ngoja niizime hii. [mngurumo unakatika] Haya. Umeshakula?

SEULGI: Nimekula. Wewe je?

DEOKSU: Bado kidogo. Mumeo hajambo? Mtoto?

SEULGI: Hawajambo. Tupo palepale kwa mama mkwe.

DEOKSU: Naye hajambo?

SEULGI: Yuko sebuleni. Ndiyo maana mimi niko bafuni. Nimefungulia maji asisikie.

DEOKSU: Maji yanalipiwa, mwanangu.

SEULGI: Najua. Huwa ananiambia. Uko wapi, mbona upepo mwingi?

DEOKSU: Huku uwanja wa ndege wa zamani. Nimeanika pilipili kwenye njia ya kurukia. Mwaka huu zimekauka vizuri sana, lami inashika joto. Nitakutumia gunia.

SEULGI: Asante. Na mashine ilikuwa ya nini?

DEOKSU: Nini?

SEULGI: Mashine uliyozima. Pilipili hazifyekwi.

DEOKSU: Mtandao huku — [mkwaruzo] — huu mnara wa zamani —

SEULGI: Mnara hauna hata waya, Baba Mkubwa. Kunguru ndio wanaokaa humo.

DEOKSU: Ndio hao wanaoharibu.

SEULGI: Haya. Nisikilize, sina muda mrefu. Juzi Meneja Bang alituita mjini Jeonju, sisi wote tulionunua nyumba ambazo hazijajengwa.

DEOKSU: Nyumba zipi?

SEULGI: Hizo za uwanjani. Unapoanika pilipili ndipo sebule yangu.

DEOKSU: Ah. Bang ni wa kampuni gani? Ile ya bendera za kijani?

SEULGI: Hiyo ilifilisika. Na ya bluu pia. Hii ni ya tatu.

DEOKSU: Ndio walioweka kichwa cha nguruwe mezani wakakisujudia kuombea ujenzi?

SEULGI: Hao ni wa kwanza.

DEOKSU: Nguruwe yule alikuwa mzuri. Alikuwa anacheka kabisa. Wa pili walikuja na glavu nyeupe na masepeto yenye utepe, wakachimba shimo moja, wakapiga picha, wakaenda kula. Shimo bado lipo. Lina vyura.

SEULGI: Baba Mkubwa.

DEOKSU: Nasikiliza.

SEULGI: Meneja anasema vibali viko, matingatinga yameshakodiwa, benki imekubali. Kilichobaki ni kaburi moja. Lile la mwisho wa njia ya ndege, kwenye vichaka. Unalijua?

DEOKSU: Napita hapo.

SEULGI: Anasema lingekuwa halina mwenyewe wangeshalihamisha zamani, sheria inawaruhusu. Lakini kila mwaka, sikukuu ya Chuseok ikikaribia, kuna mtu analifyeka majani. Kaburi likifyekwa maana yake lina watu wake. Na watu wake hawajitokezi. Basi hawawezi kuligusa, na hawajui wamwombe nani.

DEOKSU: Sheria nzuri.

SEULGI: Ni miaka tisa, Baba Mkubwa.

DEOKSU: Sikusema ni ya haraka. Nimesema nzuri.

SEULGI: Sasa sikiliza. Kesho yake baada ya Chuseok atakuja mtu na kamera. Akikuta majani yamesimama, wanachimba, na mwezi ujao ujenzi unaanza. Akikuta limefyekwa, benki inajitoa. Na hakuna kampuni ya nne. Alisema hivyo mwenyewe, akakaa chini, akanywa maji.

DEOKSU: Maskini.

SEULGI: Mimi ndiye maskini. Tunalala watatu chumba kimoja. Mume wangu Taegyu ana miaka arobaini, na mama yake bado anamuuliza kupitia ukutani kama amepiga mswaki.

DEOKSU: Anajibu?

SEULGI: Anajibu. Ndilo linaloniuma. Nimefikiri ni mzee Tak, yule mlinzi. Ongea naye, mnaelewana. Mwambie mwaka huu tu, aache.

DEOKSU: Tak? Tak kiuno kibovu. Hawezi kuinama hata kufunga viatu.

SEULGI: Basi anamjua anayefyeka. Si yeye ndiye analinda?

DEOKSU: Analinda. Ila saa saba huenda kula tambi.

SEULGI: Kila siku?

DEOKSU: Kila siku. Tambi baridi wakati wa joto, za moto wakati wa baridi.

SEULGI: Baba Mkubwa. Sasa hivi ni saa saba na robo.

DEOKSU: Mm.

SEULGI: Tak yuko wapi?

DEOKSU: Anakula tambi.

SEULGI: Na ile mashine —

DEOKSU: Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza.

SEULGI: Baba Mkubwa.

DEOKSU: Ulipopiga nilidhani ni Tak ananiambia anarudi. Huwa ananipigia.

SEULGI: Miaka tisa ni wewe? Ulikuja harusini kwangu ukasema utaombea nyumba yetu ijengwe haraka. Ulishika kipaza sauti.

DEOKSU: Niliombea. Kisha nikaja huku nikafyeka.

SEULGI: Kaburi lenyewe la nani? Watu wetu si tuliwahamisha?

DEOKSU: Fungulia maji zaidi.

SEULGI: Nini?

DEOKSU: Fungulia zaidi. Hili mama mkwe wako asilisikie. [maji] Haya. Unamkumbuka Babu Kiguu?

SEULGI: Wa kwenye picha? Si babu yenu wewe na Baba, yule aliyevunjika mguu. Tulimhamishia jumba la kuhifadhia majivu ya wafu, ghorofa ya pili, karibu na dirisha. Nilikuwepo. Shangazi Okbun alizimia.

DEOKSU: Hakuzimia. Alikaa chini ghafla.

SEULGI: Sawa. Kwa hiyo?

DEOKSU: Kule kichakani makaburi yalikuwa mawili. Yamekaa sambamba, hayana jiwe wala jina. Baba yangu aliniambia: letu ni la kushoto.

SEULGI: Na tukahamisha la kushoto. Nakumbuka, ulinyoosha mkono.

DEOKSU: Siku ile tuliingilia geti gani?

SEULGI: La barabara kuu. Kuna jingine? La kijijini si wanajeshi walilifunga hata sijazaliwa.

DEOKSU: Baba yangu alikuwa anaingilia la kijijini.

[maji yanatiririka]

SEULGI: Kushoto kwa mtu anayetoka kijijini —

DEOKSU: Mm.

SEULGI: — ni kulia kwa —

DEOKSU: Kwa mtu mwenye gari.

SEULGI: Baba Mkubwa, niambie kwamba unakisia.

DEOKSU: Babu aliangukiwa na jiwe la kushindilia wakati wa utawala wa Wajapani, alipokuwa akijenga uwanja huuhuu. Mfupa wa mguu ukaunga kwa kupinda. Alitembea kwa kuchechemea, mimi nilimkuta hivyo. Sasa siku ile yule mchimbaji alikuwa ananipa mifupa, mimi naipanga kwenye karatasi nyeupe. Akanipa wa mguu wa kulia. Umenyooka kama kijiti cha kulia tambi. Nikangoja wa kushoto, nikisema labda nimechanganya. Nao umenyooka.

SEULGI: Ukasema nini?

DEOKSU: Nikasema, leta karatasi nyingine.

SEULGI: Basi?

DEOKSU: Shangazi yako alikuwa ameshaanza kulia. Mtu akishaanza, humwambii anyamaze, asogee pembeni, alie tena. Na yeye ndiye aliyesema tuwe wa kwanza kuhamisha, kijiji kizima kituone. Gari lilikuwa linangoja.

SEULGI: Kwa hiyo miaka tisa tunamsujudia nani?

DEOKSU: Sijui. Mtu wa watu.

SEULGI: Baba yangu alimsujudia. Akiwa mgonjwa. Alipanda ngazi.

DEOKSU: Nilikuwa nyuma yake. Nilimshika mkono. Si mtu mbaya lakini. Mwaka uleule ulipata mtoto. Goti la Okbun likaacha kuuma. Babu Kiguu, tuseme ukweli, hakuwa mtu wa kutoa kitu.

SEULGI: Shangazi humpelekea peremende. Humweleza habari za presha yake.

DEOKSU: Najua. Anasikiliza vizuri yule.

SEULGI: Basi kwa nini usiende ofisini ukasema lililobaki ndilo letu? Wakamhamisha, yakaisha. Kampuni ingefurahi hata leo.

DEOKSU: Kwao Babu Kiguu ameshahama. Sahihi yangu iko hapo. Watauliza: kama huyu ndiye, yule wa dirishani ni nani? Kisha watauita ukoo. Na ukoo ni Okbun.

SEULGI: [mkwaruzo] — nusu.

DEOKSU: Sikusikia.

SEULGI: Nimesema, fyeka nusu. Nyuma. Upande ambao kamera haioni.

DEOKSU: Nani ananyolewa nusu?

SEULGI: Mwaka mmoja tu.

DEOKSU: Wakimchukua kama hana watu, wanamweka chumba cha chini, kwenye mtungi wenye namba. Miaka ikipita wanamwaga wote pamoja. Nilikwenda kuuliza. Nilijifanya ni kwa ajili ya rafiki.

SEULGI: Na mimi je? Mimi niliye hai, wa chumba kimoja?

DEOKSU: Ndiyo. Na wewe. Sikiliza. Mashine iko chini. Hakuna anayeniona. Ukiniambia niache, naacha, nakwenda kugeuza pilipili zangu. Mtu wa kamera atakuja, atakuta majani. Okbun hatajua kitu mpaka afe. Wewe utapata sebule. Sema wewe.

SEULGI: Usinifanyie hivyo.

DEOKSU: Sikufanyii kitu. Nakuuliza. Nimeamua peke yangu tangu siku ile, nimechoka.

[mlango unagongwa]

SEULGI: Naam, mama! Nipo. Hapana, si tumbo. Naoga. [kwa sauti ya chini] Anasema nimeoga asubuhi.

DEOKSU: Umeoga?

SEULGI: Nimeoga.

[maji yanatiririka]

SEULGI: Umefika wapi?

DEOKSU: Kwenye nini?

SEULGI: Kwake. Umefyeka mpaka wapi?

DEOKSU: Upande wa miguu. Mguu mmoja.

SEULGI: Upi?

DEOKSU: Ule mbovu.

SEULGI: Umevaa soksi ndefu?

DEOKSU: Za kawaida.

SEULGI: Mwezi huu una nyigu, Baba Mkubwa. Chomeka suruali ndani ya viatu.

DEOKSU: Nachomeka.

SEULGI: Uangalie kichaka kwanza kabla ya kuwasha. Kisha umalize.

DEOKSU: Mm.

SEULGI: Ukimaliza mpigie Meneja Bang. Namba iko kwenye kibao chao, si kipo hapo? Mpigie leo, kabla ya mtu wa kamera. Mwambie hilo ndilo letu, walihamishe, siku ile uliingilia geti lisilo lake.

DEOKSU: Na wakikataa?

SEULGI: Wakikataa nitaendelea kufungulia maji.

DEOKSU: Na Okbun?

SEULGI: Nakuja siku moja kabla ya Chuseok. Nitamwambia mwenyewe, akiwa anakaanga chakula cha sikukuu. Mikono itakuwa na mafuta, hataweza kunipiga.

DEOKSU: Ataweza. Ana mwiko.

SEULGI: Basi wewe utakuwa umekaa katikati yetu.

DEOKSU: Nitakaa mlangoni.

SEULGI: Katikati, Baba Mkubwa.

DEOKSU: [kikohozi] Haya. Na yule wa dirishani? Tumrudishe alikotoka?

SEULGI: Tumrudishe wapi? Kutakuwa na jengo. Tukiwa na bahati. Abaki, ameshatuzoea.

DEOKSU: Nami nilifikiri hivyo. Dirisha linamfaa. Kwa hiyo mwaka huu vikombe viwili vya pombe ya kutambikia.

SEULGI: Viwili.

DEOKSU: Watoto watauliza kwa nini viwili.

SEULGI: Waambie kimoja cha babu, kingine cha mgeni.

DEOKSU: Sawa. Mgeni ni yupi?

SEULGI: Mgeni ni — mm.

DEOKSU: Na mimi hapo ndipo nilipokwama. Tangu mwaka wa kwanza. Ngoja — Tak huyo anarudi, namwona kwenye lami na baiskeli. Anakanyaga pilipili. Anakanyaga pilipili yule! Haya mwanangu, kwaheri, msalimie mumeo, funga maji.

SEULGI: Kwaheri. Soksi, Baba Mkubwa.

DEOKSU: Nimechomeka. Kwaheri, kwaheri. [mngurumo unaanza]

SEULGI: Hujakata simu.

[mngurumo]

SEULGI: Baba Mkubwa. Hujakata.

[mngurumo unapungua, unapanda, unazunguka]

SEULGI: Naam, mama. Nafunga.

[maji yanafungwa, mngurumo unaendelea]

SEULGI: Hapana, si redio. Ni nyumbani.