Aliogopa, Lakini Alimjua Aliyemwamini: Maisha ya Katekista Restituta Minani

Baba Paroko, ndugu zetu mliotoka Mabawe, majirani wa Nyakahura na waombolezaji wote, tunayemzika leo ni Restituta Minani, katekista wa kigango hiki na mke wa Mzee Renatus Malongo. Ninayesoma ni mimi Leonidasi, mdogo wake wa mwisho. Familia ilikuwa imemchagua mtu mwenye sauti nzuri kuliko yangu. Marehemu mwenyewe aliacha ameandika kwamba nisome mimi, na kwamba nisiruke kitu.

Restituta alizaliwa tarehe 12 Machi 1959 katika Kata ya Mabawe, Wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Minani na Mama Nahimana, wakulima wa kahawa na migomba. Alibatizwa akiwa na wiki tatu. Mama yetu alisimulia mara nyingi kwamba mtoto huyu alikuwa mwoga tangu alipoanza kutambaa. Aliogopa ng'ombe, aliogopa radi, aliogopa hata jogoo wa jirani. Mimi nilizaliwa yeye akiwa ameshamaliza shule, na ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka nikajua kutembea. Kwa hiyo hofu yake niliijua mapema. Ngurumo ikisikika, nilihisi mgongo wake unakakamaa.

Alisoma shule ya msingi huko huko Mabawe kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Mwaka 1978 parokia ilimpeleka kwenye mafunzo ya ukatekista ya miaka miwili, naye akarudi akiwa na cheti na sanduku la bati lililojaa madaftari.

Tarehe 26 Septemba 1981 alifunga ndoa na Renatus Malongo, mkulima na mfugaji wa hapa Nyakahura, Wilaya ya Biharamulo. Mzee Renatus ameniruhusu kusema kwamba bibi harusi alikataa kupita karibu na zizi, na kwamba ng'ombe walihamishwa ili aweze kuingia nyumbani kwake. Walijaliwa watoto watatu.

Kazi yake aliifanya kwa miaka arobaini na zaidi kidogo. Wengi mliosimama hapa mlipata komunyo ya kwanza kwa mafundisho yake. Mnakumbuka mvua za Novemba, radi ilipopiga, mwalimu alivyoingia chini ya meza na kuwaita wote mwingie, kisha mkaendelea na Nasadiki mkiwa mmebanana huko chini, yeye akitetemeka na bado akisahihisha makosa. Hakuwa mkali. Mtoto akichanganya amri ya sita na ya saba, alicheka. Alikuwa mkali kwenye jambo moja tu, nalo ni Yesu ni nani. Siku moja mtoto alijibu kwamba Yesu ni malaika mkubwa. Mwalimu alifunga daftari, akaanza somo upya, na darasa likatoka jua likizama. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mbuzi hawakurudishwa kwa wakati.

"Mwalimu, kosa moja la mtoto, ndiyo uwaweke wote?"

Restituta akamjibu, "Akikosea amri, ataungama. Akikosea Yesu ni nani, ataungama kwa nani?"

Nilisikia habari hiyo nikacheka kama wengine. Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka.

Mwaka 2016 alifika mhubiri mmoja akaweka kambi nje ya Nyantakara. Wafuasi walimwita Mjumbe. Mwanzoni alihubiri vizuri, aliombea wagonjwa, na kila sentensi yake ilikuwa na jina la Yesu. Mimi na mke wangu Febronia tulikuwa na binti mmoja, Theodosia, aliyekuwa akiugua mara kwa mara. Tulikwenda kuombewa mara moja, tukarudi mara ya pili, na mwanzoni mwa mwaka 2017 tukahamia kabisa. Mafundisho yalibadilika polepole, kiasi kwamba sikuona siku yalipobadilika. Tulifundishwa kwamba Yesu alikuwa mtu kama sisi, aliyekaliwa na Jina, yaani nguvu ya Mungu. Jina hilo lilimwacha kabla ya mateso, na waliomtundika walitundika mtu mtupu. Sasa Jina limepata makao mengine, nayo ni Mjumbe. Kuanzia hapo tulisali tukiwa tumeelekea nyumba yake. Kadi za kliniki tulizikusanya tukampa akazichoma.

Novemba ya mwaka huo Theodosia, akiwa na miaka sita, alipata malaria kali. Alikuwa akikakamaa, macho yamegeuka. Tulikatazwa kumtoa. Mama mmoja wa Nyantakara, aliyekuja kuuza mihogo hapa gulioni, alimwona Restituta akamwambia, "Mwalimu, yule mtoto wa mdogo wako hafiki Jumapili."

Tarehe 9 Novemba 2017, saa tano asubuhi, Restituta aliingia kambini peke yake. Mzee Renatus alimleta kwa pikipiki akabaki barabarani kama walivyokubaliana, ili usizuke ugomvi wa wanaume. Nilimwona dada yangu anavuka uwanja. Mjumbe alikuwa ameketi barazani, watu wamepiga magoti. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka kama ishirini. Restituta alisimama akisubiri shikamoo. Haikuja.

"Mama, hapa watu hupiga magoti," Mjumbe alisema. "Wewe humwamini Yesu?"

"Yupi?" Restituta akamuuliza.

Mjumbe akatabasamu. "Yesu ni mmoja, mama."

"Ndiyo. Ni mmoja. Alizaliwa na Maria, akafa yeye mwenyewe, akafufuka yeye mwenyewe, na hajaacha nafasi yake wazi. Wewe unatumia jina lake, lakini unamsema mtu mwingine." Sauti yake ilikuwa ndogo, tena inakatika. "Nimekuja kumchukua mtoto."

Akapita akaingia kwenye kibanda chetu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakuniuliza kitu. Alimfunga Theodosia mgongoni kwa khanga kama alivyonifunga mimi zamani, akatoka. Febronia alishika ncha ya khanga akilia, akisema mtoto atakufa njiani kwa laana. Restituta alimfungua vidole kimoja kimoja, taratibu, huku akimwambia, "Twende wote, wifi. Twende wote." Febronia hakuja. Mimi nilikwenda, na nitasema kweli, nilikwenda kwa sababu nilimwogopa dada yangu kidogo zaidi ya nilivyomwogopa Mjumbe.

Tulipofika katikati ya uwanja Mjumbe akasimama. Hakupaza sauti. Alisema, "Koo lililonipinga litafunga. Halitapitisha chakula, halitapitisha neno. Na atakayegusa udongo wa kaburi lako atalichukua neno hili."

Theodosia alilazwa siku kumi na moja. Alipona, ila sikio la kushoto halisikii. Leo ana miaka kumi na mitatu, yuko hapa.

Baada ya siku ile wafuasi walikuja Nyakahura kila Ijumaa, watu sita au saba waliovaa nguo nyeupe, wakasimama ng'ambo ya barabara kutazama mlango wa dada yangu. Hawakusema neno, hawakurusha jiwe. Walisimama kuanzia saa tatu mpaka saa sita, kisha wakaondoka. Walifanya hivyo kwa miezi minne. Restituta aliendelea kutoka kwenda kufundisha, lakini Mzee Renatus ndiye anayejua iliyobaki. Kila asubuhi kwa miaka sita na zaidi, kabla ya kumsalimia mtu yeyote, mkewe alikunywa maji kidogo ili aone kama yanapita. Kisha alitamka jina la Yesu kwa sauti ili aone kama neno linatoka. Yakipita, likitoka, ndipo alipoanza siku.

Mwezi Machi 2024 ugali ulianza kukwama. Mwezi Juni sauti ilianza kukwaruza. Alipimwa hospitali ya wilaya, akapewa rufaa kwenda Mwanza, na mwezi Septemba tukaambiwa ni saratani ya koo la chakula, nayo imeshasambaa. Najua mnavyonong'ona, kwa sababu mimi nilinong'ona kabla yenu. Nilimuuliza daktari kwa siri kama ugonjwa huo unaweza kutumwa. Hakunicheka. Alisema anauona kila wiki, kwa wakulima wa kanda yetu hii, watu ambao hawajawahi kusikia habari za Nyantakara. Nilisikia maneno yake, nikatoka nje, na hofu ikawa pale pale. Siku hiyo hiyo nilipata ujumbe kwenye simu kutoka kwa Febronia. Ulikuwa na maneno mawili. "Neno limefika."

Mwezi Januari mwaka huu, dada yangu akiwa hawezi tena kusema wala kumeza uji, nilirudi kambini bila kumwambia mtu. Nilipiga magoti. Nilimwomba Mjumbe aondoe alichokisema. Alinipokea kwa upole. Alisema hataki zawadi, hataki hata dada yangu aje. Aandike tu kwa mkono wake kwamba Jina liko kwa Mjumbe. Mstari mmoja. Koo litafunguka.

Nilirudi Nyakahura mchana. Restituta alikuwa amelala kwenye kitanda tulichomwekea sebuleni, daftari lake la kuandikia kifuani. Nilimweleza yote. Nilidhani atanikasirikia. Alianza kulia, na kalamu ikamwanguka. Nikaelewa kwamba jambo hilo lilikuwa limeshapita akilini mwake kabla yangu.

Alipotulia aliandika: "Alisema maneno gani hasa?"

Nikayarudia. Aliyaandika, akayatazama kwa muda mrefu. Nikamwambia, "Dada, ni mstari mmoja. Mungu anajua moyo wako. Andika, upone, utatubu baadaye."

Akaandika: "Huyo Yesu wa kule, aliogopa?"

Sikuelewa. Akaonyesha tena kwa kidole. Nikafikiri, nikajibu, "Hapana. Kule tulifundishwa Jina liliondoka kabla. Aliyeteswa alikuwa mtu mtupu."

Daftari ninalo hapa. Ninasoma alichoandika, herufi zake zikipanda na kushuka.

"Basi kule msalabani hapakuwa na wa kunisaidia. Mimi naogopa, Leonidasi. Naogopa usiku na mchana. Yesu wangu aliogopa bustanini mpaka jasho likamtoka, kwa hiyo ananijua. Kama si mtu kweli, hajui ninavyoogopa. Kama si Mungu kweli, anajua tu, hawezi kunitoa. Nikiandika huo mstari nitabaki na hofu hii hii na sitakuwa na wa kumwita."

Chini yake akaongeza: "Usirudi kule peke yako. Ukirudi, nenda kamchukue Febronia."

Nililia pale kitandani, nikiwa mzee wa miaka hamsini na moja. Yeye alinishika kichwa. Wala hakupona. Nilitegemea, sitaficha, kwamba kwa uaminifu ule Mungu angefanya kitu mbele ya watu, ili kambi yote ione. Hakufanya. Wiki tatu zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote.

Baba Paroko alimpaka mafuta ya wagonjwa tarehe 8 Februari, akampa komunyo, chembe ndogo kwenye kijiko cha maji. Ilichukua karibu robo saa kupita. Ilipita.

Restituta alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi. Sitawadanganya kwamba alikufa akitabasamu. Alikuwa anaogopa, macho yake yalikuwa wazi, na alimshika mumewe mkono kwa nguvu ambayo hatukujua bado anayo. Midomo yake ilikuwa inasema jina lile alilolisema kila asubuhi. Sauti haikuwepo. Sisi tuliokuwa karibu tulilisoma kwenye midomo, tena na tena, mpaka midomo ikasimama.

Nimeambiwa kwamba kuna watu waliokuja hapa na wamekubaliana wasitie udongo. Nimeambiwa hata baadhi ya waliochimba walinawa kwa dawa. Siwalaumu. Nami ninaogopa kama ninyi. Marehemu alitufundisha kwamba aliyelala kaburini na akatoka ni Mungu mwenyewe akiwa na mwili kama huu wetu. Kama alisema kweli, basi udongo huu ni udongo tu. Kama hakusema kweli, hatuna pa kukimbilia, tutie au tusitie. Mimi naamini alisema kweli. Nikimaliza kusoma nitatia udongo wa kwanza, na Theodosia ameniambia atatia wa pili. Anayetaka atufuate.

Marehemu ameacha mume, Mzee Renatus Malongo. Watoto watatu, Frednand, Scolastica na Nice. Wajukuu saba, mkubwa wao akiwa Keza. Kaka mmoja na dada wawili walioko Mabawe. Mimi mdogo wake. Theodosia, aliyemwita mama. Na wifi yake Febronia, aliye hai huko Nyantakara, ambaye marehemu aliagiza jina lake lisomwe pamoja na ya wengine.

Ee Yesu, Mungu kweli na mtu kweli, mpokee Restituta, mwoga wako. Mpe pumziko lisilo na hofu. Amina.