Sanduku la Maoni Mlangoni pa Bekari

Mbele ya bekari ya zamani, kwenye njia ya kwenda Kiwanjani, pana benchi moja la mbao na jiko moja la makaa. Bekari yenyewe haijaoka mkate kwa miaka kumi na mbili, tangu mwenyewe afunge na kuhama, na ndani wamebaki popo. Lakini baraza yake ina kivuli kizuri, na kivuli hicho ndicho duka la Fahmo. Hapo Mama Hoda, kama wateja wanavyomwita, anauza kahawa ya tangawizi kuanzia alfajiri mpaka saa sita. Wateja wake wa kudumu ni watatu, na kazi yao kubwa ni kujua mambo. Mzee Shuriye, aliyeendesha lori la Moyale mpaka magoti yakakataa, anaitwa Kilomita. Godana, dalali wa mbuzi, anaitwa Waziri kwa sababu ya koti lake. Kobia muuza ndizi anaitwa Nasikia, na ukikaa naye dakika moja tu utajua kwa nini.

Mwezi mmoja nyuma, vijana wa kaunti walikuwa wamepigilia sanduku kwenye mlango wa bekari. Tangazo lilisema jengo hili litafufuliwa au kuvunjwa, na mwananchi aandike anachotaka katika siku thelathini. Siku ya tatu kufuli ilipotea. Siku ya nne Kilomita aliona kwamba sisimizi hawaingii humo, akatangaza kuwa mali ya umma itumiwe na umma, na tangu hapo sukari ya Fahmo ikawa inalala ndani ya sanduku la maoni.

Fahmo hakulipenda jambo hilo. Jengo likivunjwa, hao watatu watahamisha makalio tu. Yeye ndiye atakayekosa pa kuweka jiko. Lakini wanaume walikuwa wanaijadili bekari kila siku, tena kwa sauti, naye aliamini kwamba maneno mengi hivyo lazima yatafika mahali. Leo ilikuwa siku ya thelathini.

— Mama Hoda, hebu nipe sukari ya serikali, Waziri alisema.

Fahmo akafungua sanduku, akamchotea.

— Nasikia wanaweka ubalozi hapa, Kobia alisema.

— Ubalozi ya nchi gani?

— Hawajaamua. Kwanza nyumba, nchi itafuata.

— Wacha hiyo, Kilomita alisema. Hii itakuwa hoteli ya marubani. Ndege zikianza kuja mingi pale uwanjani, rubani atalala wapi? Kutoka pale mpaka hapa nimepima mimi mwenyewe na lori.

— Rubani alale kwa bekari?

— Tanuri iko na joto. Huko juu wanatoka ni baridi, walaahi.

Waziri alikunywa polepole, kama mtu aliyekatazwa kusema.

— Nyinyi mnaangalia juu. Angalia chini. Tanuri kubwa hivyo ilikuwa ya kupikia nani?

— Askari, Kilomita alisema. Babu yangu aliletwa hapa baada ya vita ya wazungu. Alituambia huo mkate ulikuwa mgumu kushinda vita.

— Ulikuwa mgumu kwa sababu mkate haikuwa kazi yao. Chini ya tanuri kuna bomba. Inaenda moja kwa moja mpaka Uarabuni.

— Bomba ya nini?

— Maziwa ya ngamia.

Kila mtu akaipigia hesabu.

— Ngamia anatoka malisho ya Biliqo, anakamuliwa hapa jioni, Waziri aliendelea. Asubuhi Mwarabu ako na kikombe mkononi.

— Itaganda njiani. Mpaka bahari peke yake ni zaidi ya kilomita mia saba.

— Si ndiyo maana ya tanuri? Inapasha.

Kobia alikuwa ameshaanza kusikia bei ya ngamia ikipanda wakati pikipiki iliposimama mbele yao, akashuka mwanamke kijana mwenye faili kwapani.

— Habari zenu, wazee. Mimi ni Velma, natoka ofisi ya mipango ya mji. Nimekuja kuchukua maoni.

Alifungua sanduku. Akatoa pakiti ya sukari, kijiko na kiberiti, akapapasa tena mpaka pembeni. Fahmo alitamani ardhi immeze.

— Hii ni nini?

— Hiyo ni sukari, madam, Waziri alisema.

— Siku thelathini, hakuna hata karatasi moja?

— Tumeongea sana, Kilomita alisema. Kila siku. Uliza mtu yeyote.

— Sasa hayo nisome wapi, mzee?

Akawaeleza kwamba ofisi imepata barua moja tu. Aliyeiandika anataka bekari ivunjwe yote, mahali pasawazishwe, malori yaegeshwe. Kamati inakaa kesho, na kama hakuna maoni mengine, itakaa na barua hiyo.

Kilomita alimtazama Waziri. Waziri alimtazama Kobia. Kobia, kwa mara ya kwanza, hakuwa amesikia lolote. Velma akafungua faili, akatoa kalamu.

— Bado niko hapa. Semeni, nitaandika. Nyinyi wenyewe mnataka hii nyumba iwe nini?

Walijua rubani anataka nini, na Mwarabu, na balozi wa nchi isiyojulikana. Hilo la wenyewe hakuna aliyekuwa amelifikiria.

— Kwani ni sisi tunaulizwa? Kobia alisema.

— Ni nyinyi.

— Hiyo inataka kikao, Waziri alisema.

Kilomita akanyoosha kikombe aongezwe. Hapo Fahmo alishikwa na hasira, hasira ya miaka tisa ya kumwagia watu kahawa na kusikiliza.

— Andika choo, alisema.

— Choo, mama?

— Choo ya wanawake, na bomba ya maji. Mimi sifungi saa sita kwa sababu kahawa imeisha. Nafunga kwa sababu tangu alfajiri sijapata pa kujisaidia. Maji natoa mbali huko Chechelesi, mitungi mbili. Chumba ya mbele wapewe akina mama wapike. Na hii baraza isiguswe.

Wanaume waliinamisha vichwa. Wao huzunguka tu nyuma ya bekari na kurudi wakiendelea na hoja palepale walipoiachia. Kobia alikuwa na nadharia yake nzito kuhusu hiyo saa sita, akaimeza.

— Jina?

— Fahmo Salad.

— Basi ni barua moja kwa maoni moja, Velma alisema.

Kobia akaweka kikombe chini.

— Niandike mimi pia. Hiyo yake.

— Na mimi, Kilomita alisema. Lakini bomba iwe nene.

Waziri alifunga vifungo vya koti.

— Mimi niko na pendekezo ya ziada kuhusu tanuri.

Kalamu ya Velma ilingoja. Waziri akamtazama Fahmo, akafungua vifungo tena.

— Andika choo, alisema.

Walitia sahihi mmoja mmoja. Velma alifunga faili, akapanda pikipiki, kisha akageuka.

— Mama, lakini wewe ulikuwa na maneno haya yote. Kwa nini hukuandika mapema?

— Nilikuwa nangoja hawa waseme.

Pikipiki ikaondoka. Birika lilikuwa bado nusu na saa sita ilikuwa haijafika, lakini hakuna aliyeomba kuongezwa.