Dume la Golini

Treni ilikuwa ya ugenini, lakini kelele zilikuwa zetu, tulitoka kushinda. Mbele yangu bwana mmoja aliyekaukiwa na sauti alimwambia mama aliyeketi naye, "Dada, mimi fundi bomba, nimekuja kikazi. Huo mpira wa wanawake nimeupitia tu." Aliupitia dakika tisini, bendera shingoni. "Ila yule kipa! Penalti mbili kadaka! Yule ni mwanaume kweli kweli."

"Huyo mwanaume nimemzaa mimi," mama akasema. "Na jana nilikuwa namsuka."

"Lakini nilikuwa namsifu!"

"Msifu bila kumbadilisha."

Treni ikasimama. Fundi akainuka haraka kumpisha. "Shikamoo, mama."

Mama akashuka bila kuitikia.