Kisulisuli na Kengele ya Saa Nane

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi mliosimama ukutani kwa kukosa viti, familia imenipa mimi, kaka mtu, niisome historia hii, si kwa sababu nasoma vizuri, bali kwa sababu wengine wakilia wanaliza watu na mimi nikilia nachekesha, basi mnivumilie, dereva wa malori ya masafa marefu hajazoea abiria wanaosikiliza.

Mdogo wangu, ambaye nyumbani tulimwita Kisulisuli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, njiani, hatua mia mbili kabla ya zahanati, maana subira ya kufika hakuwa nayo, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho kwa marehemu wazazi wetu, akatembea akiwa na miezi tisa, na alipofikisha miaka minne polio ikamkamata miguu, miguu tu, kwa kuwa mdomo na macho viliendelea kukimbia.

Tarehe 9 Januari 1980 baba alimpeleka kwenye kituo cha walemavu nje ya mji, kwa nia njema kabisa, nami niliyekuwa na miaka kumi na mmoja sikulia, nilifurahi kupata kitanda peke yangu, nakiri mbele yenu. Huko alimaliza darasa la saba mwaka 1986, akajifunza kazi ya opereta wa simu, akalishwa, akatibiwa, wala hakupigwa, ila kila siku saa nane mchana kengele ililia na wote wakalazwa hadi saa kumi, watoto kwa watu wazima wenye ndevu zao, ndiyo saa ya mapumziko, hakuna wa kukuuliza umechoka au hukuchoka, na yeye akawa anatazama dari mpaka akazijua nyufa zake kama mtu anavyowajua shangazi zake.

Tarehe 3 Oktoba 1994 idara ya maji ilimwajiri kwenye simu ya malalamiko, na kwa miezi minane gari la kituo lilimtoa kazini saa saba na nusu, wateja wakiwa bado kwenye laini, ili awahi kwenda kulazwa, mtu mwenye miaka ishirini na tatu. Tarehe 3 Juni 1995 akahamia chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha mikate, yeye, kiti chake cha magurudumu, jiko la mafuta ya taa, na msaidizi aliyemchagua mwenyewe, mama msusi wa jirani, nami nikamfuata mbiombio kumuuliza utajitegemeaje wewe, hata kiatu unafungiwa, akanijibu, "Kaka, wewe unayevuka mipaka tisa, chai yako anapika nani?", na hadi leo kwangu sijui kopo la sukari hukaa wapi. Kujitegemea, alisema, si kufanya kila kitu kwa mikono yako, ni kuamua mwenyewe nani akusaidie, na saa ngapi.

Kwenye simu ile alijifunza kwamba lalamiko linalojibiwa si lenye kelele, ni lile linalorudi kesho, naye akarudi kesho, kwa halmashauri hadi posta ikajengewa njia ya mteremko, kwa wenye nyumba, na kwa kituo chenyewe, ambako aliwatoa watu kumi na wanne, mmoja mmoja, kila mtu na mlango wake, na msidhani nawaita watoto wake, mmoja ana mvi kunizidi na fimbo yake iko karibu na mguu wangu. Wa kuzaa hakujaliwa, ingawa tarehe 20 Septemba 2003 alifunga ndoa na fundi baiskeli aliyemtengenezea kiti, ndoa ikadumu miaka sita, wakaachana bila kurushiana sahani, na shemeji Fundi yupo hapa, magurudumu yale aliyashughulikia hadi mwezi uliopita.

Februari 2023 kifua kilianza kumbana, akaacha kazi, na hapa naomba maji kidogo. Tarehe 12 Agosti 2024, mimi, mtu ambaye sijawahi kulala kwangu wiki nzima, niliamua mdogo wangu anahitaji kupumzika, nikaenda kituoni nikajaza fomu arudishwe, nikatia sahihi, bila kumuuliza. Alhamisi tarehe 15 gari likafika mlangoni kwake, muuguzi akashuka na fomu yangu, na Kisulisuli akaisoma yote, akauliza siku hizi mapumziko ni saa ngapi, akaambiwa saa nane hadi saa kumi, akasema, "Bado tu?", kisha akanigeukia, "Kaka, kama umechoka wewe, nenda wewe, kitanda si hicho kimeshalipiwa sahihi?", na majirani waliokuwa wametoka nje wakacheka mpaka muuguzi akacheka. Akaigeuza fomu, akaomba kalamu, na nyuma ya sahihi yangu ikaandikwa zamu ya wiki nzima, msusi Jumatatu, Fundi Jumanne, mstaafu wa ghorofani Jumatano, hadi Jumapili, yangu, siku ambayo alisema hata dereva hawezi kuharibu sana.

Zilikuwa Jumapili ishirini na tisa, nilikosa tatu. Ya mwisho, tarehe 2 Machi 2025, aliniambia niache kumkodolea macho, nikachemshe chai, sukari iko rafu ya chini, kwake kila kitu kilikuwa rafu ya chini, na niliporudi na vikombe viwili alikuwa ameshaondoka, kitandani kwake, dirisha wazi, saa nane na dakika ishirini mchana.

Tunamshukuru daktari aliyekubali kuja hapa badala ya kumwita, wenzake wa idara ya maji, majirani wote wa zamu, na muuguzi yule aliyerudi na gari tupu. Zamu haijabanduliwa ukutani, kwa sababu Jumatatu mtu wa kumi na tano anatoka kituoni kuja kukaa humu, ndivyo marehemu alivyotaka na familia imekubali, lori nitaendesha mimi, na safari hii nimemuuliza kwanza mwenyewe.

Mdogo wangu, desturi inanidai neno moja, na nimezunguka nalo mdomoni tangu asubuhi nikiogopa utanikemea. Pumzika kwa amani, ukipenda. Kengele hakuna.