Mlango wa Majani Mia Mbili na Kumi

Asubuhi ya mwisho ya sisi wawili nyumbani ilikuwa Jumanne, tarehe 11 Juni 2024. Marehemu mke wangu alinimiminia chai, akanitazama. "Mzee, shati umeligeuza. Unakwenda kwa nani hivyo?" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Mchana tukampeleka hospitali.

Alizaliwa tarehe 2 Februari 1952, kitinda mimba wa seremala. Alisoma mpaka darasa la nne, akatolewa amuuguze mama yake. Mimi hata huko sikufika. Herufi alinifundisha yeye.

Kazi alijifunza kwa kaka yake, aliyerithi karakana ya baba yao. Ni kazi ya kupamba mbao kwa vinia, zile ngozi nyembamba za mti. Unakata kipande kwa kisu, ukingo unauchovya kwenye mchanga wa moto uungue kidogo, ushike kivuli, unakipachika ubavuni mwa mwenzake mpaka litokee ua. Miaka miwili alifagia na kupika gundi tu. Wa tatu akapewa kisu. Wa tano, maua yote ya karakana ile yalikuwa yake.

Mimi nilikuwa fundi rangi, nikaitwa pale kupiga vanishi. Akaniambia, "Ukiniharibia ua langu na hiyo brashi yako, hunioi." Wala nilikuwa sijamposa. Tulifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1974.

Mwaka 1989 alitengeneza mlango wa ukumbi wa mikutano. Majani mia mbili na kumi ya vinia, miezi minane, juu ya meza yetu. Sisi tukala sahani magotini. Jani moja lilikaa mchangani kupita kiasi, likaungua. Vinia ilikuwa imekwisha, akalipachika hivyo hivyo.

Siku ya kufungua ukumbi, shemeji, huyo kaka yake, alisimama mbele ya wakubwa akasema kazi ni yake. Wakamuuliza, mbona jani hili jeusi? Akajibu, "Nimekusudia. Ndiyo uzuri wake." Wakampigia makofi. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya watu, kashika mkoba wangu.

Njiani akasema, "Kaka kachukua mpaka kosa langu." Hakuingia tena karakana ile. Nilitaka kwenda kusema, akanishika mkono. Nikanyamaza miaka thelathini na mitano.

Shemeji yupo hapa mazikoni, kiti cha mbele. Miaka yote hiyo alisifiwa. Kwetu alikuja, akala, akaondoka. Neno samahani hakulitoa.

Mapafu yalianza kumsumbua mke wangu Januari. Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Juni, saa tisa alasiri. Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa na kaka mmoja. Mungu aipumzishe mikono yake.

Alhamisi, wodini, alinipa maneno haya, nami nayatoa kama yalivyo:

"Siku ya kunizika, sema mbele ya watu kwamba ule mlango niliukata mimi. Kaka akiinuka kuondoka, mwacheni. Akibaki, awe wa kwanza kushika koleo, maana ni kaka yangu."